Mada: Upakiaji wa Data wa Kiotomatiki Katika Ghala la Data la Biashara

Kabla hujaanza mada hii, hakikisha umeielewa vizuri mada ya hifadhidata: jedwali, safu, mstari, ufunguo mkuu na ufunguo wa kigeni. Kama bado maneno hayo yanakusumbua, rudi nyuma kwanza. Mada hii ina mambo machache ya kukariri na mengi ya kufikiri. Watahiniwa wengi hukariri maana ya ghala la data na kuishia hapo, wakati swali linawataka waeleze nini kitatokea umeme ukikatika kazi ikiwa imefika katikati.

Ghala la data na hifadhidata ya dukani

Hifadhidata ya dukani hushughulika na mambo ya sasa hivi. Mteja anataka mifuko kumi ya saruji, muuzaji anaandika mauzo, risiti inatoka, idadi ya mifuko iliyoko stoo inapungua. Ghala la data hujibu maswali ya mwenye biashara. Kwa mfano: mwezi Agosti tuliuza nondo kiasi gani Mwanza, ukilinganisha na Agosti ya mwaka jana? Swali kama hilo hupitia mistari mingi mno. Ukiliuliza kwenye hifadhidata ya dukani saa 4 asubuhi, muuzaji atakaa anaangalia kioo cha kompyuta na foleni itafika barabarani. Ndiyo maana data hunakiliwa na kupelekwa mahali pengine pa kufanyia uchambuzi.

Wazo hili lilielezwa na Barry Devlin na Paul Murphy wa IBM katika makala yao ya mwaka 1988. Bill Inmon, katika kitabu chake cha mwaka 1992, alitaja sifa nne za ghala la data: data zake hupangwa kwa mada (wateja, bidhaa, mauzo), huunganishwa kutoka vyanzo mbalimbali zikawa na sura moja, hubeba wakati wake, na zikishaingia hazibadilishwibadilishwi. Sifa hizo nne zikariri. Ralph Kimball, katika kitabu chake cha mwaka 1996, alieneza mpangilio ambao tutautumia hapa chini: jedwali moja kubwa la matukio, kwa mfano mauzo, likizungukwa na majedwali madogo ya maelezo, kama vile bidhaa, matawi na tarehe.

Mfano tutakaoutumia

Chukua biashara ya vifaa vya ujenzi yenye matawi matatu: Kariakoo, Mwanza na Mbeya. Kila tawi lina kompyuta yake. Kwa wastani kila tawi huandika mistari 400 ya mauzo kwa siku, na biashara hufunguliwa siku 300 kwa mwaka.

Mwanzoni karani mmoja alizunguka na flashi kila Ijumaa, akanakili mafaili na kuyaingiza ghalani kwa mkono. Akiugua, wiki nzima haina data. Akichoka, anaingiza faili la Mbeya mara mbili na kulisahau la Mwanza. Kutokana na takwimu hizo mwenye biashara anaagiza saruji kwa ajili ya Mbeya, ambako haitakiwi, na Mwanza wateja wanaambiwa imekwisha. Hasara hiyo ya pesa taslimu ndiyo sababu ya kuiachia kompyuta kazi ya upakiaji. Lakini kompyuta nayo inaweza kufanya kosa lilelile la karani, tena kila usiku bila kuchoka. Sehemu kubwa ya mada hii ni kulizuia hilo.

Hatua tatu za kazi

Mtiririko wowote wa upakiaji una hatua tatu: kuchota, kugeuza na kupakia.

Kuchota ni kusoma data kutoka kwenye chanzo bila kuivuruga kazi ya dukani. Data zilizochotwa huwekwa kwanza kwenye eneo la mapokezi, yaani majedwali ya muda ambayo bado si sehemu ya ghala. Usiliache eneo hili katika jibu lako. Bila hilo, data chafu zinaingia moja kwa moja mahali ambapo mwenye biashara anasomea ripoti.

Kugeuza ndiko kwenye kazi nyingi. Kariakoo wanaandika "simenti mfuko", Mbeya "saruji kg 50". Kwa kompyuta hizo ni bidhaa mbili tofauti mpaka uzipe namba moja ya bidhaa. Mwanza wanaandika bei kwa mikato, 1,250,000, ndani ya faili la CSV ambalo safu zake hutenganishwa kwa mkato huohuo. Matokeo yake bei moja inagawanyika kuwa safu tatu: 1, halafu 250, halafu 000. Tarehe nazo zina mtego. Programu ya tawi moja ikiwa imepangwa kwa mtindo wa Marekani, 03/04/2024 ni tarehe 4 Machi, lakini kwetu ni tarehe 3 Aprili. Kosa hili ni baya kwa sababu halitoi onyo lolote. Litajitokeza tu kwenye tarehe kama 25/04, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, na kufikia hapo tarehe nyingine nyingi zimeshapita kwa sura isiyo yake.

Mstari usiogeuzika hautupwi. Unapelekwa kwenye jedwali la kasoro pamoja na sababu ya kukataliwa, ili mtu aukague asubuhi.

Kupakia ni kuandika data safi kwenye majedwali ya ghala. Hapa zingatia mfuatano. Majedwali ya maelezo hupakiwa kwanza, jedwali la matukio baadaye. Mauzo ya "bati geji 30" yakifika kabla bati hilo halijaandikwa kwenye jedwali la bidhaa, ufunguo wa kigeni utakuwa hauna pa kushika na mstari utakataliwa.

Nani anaiamsha kazi?

Kazi huanzishwa na programu ya kuratibu. Iliyo rahisi zaidi ni cron, ambayo imekuwemo kwenye mifumo ya Unix tangu miaka ya 1970. Unaiandikia nafasi tano kwa mfuatano huu: dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi, siku ya wiki. Nyota maana yake "zote". Kwa hiyo

0 2 * * *

ni dakika ya 0, saa 2, kila siku. Lakini hiyo ni saa 2 ya nani? Cron hutumia saa 24 zinazoanza kuhesabiwa usiku wa manane. Kwa Kiswahili 02:00 ni saa 8 usiku. Mtahiniwa akiandika 0 8 * * * akidhani ameandika saa 8 usiku, kazi itaanza saa 2 asubuhi, wakati maduka yanafunguliwa na kompyuta za matawi zinahitajika kuliko saa nyingine zote. Kumbuka hivi: saa za mchana ongeza 6, saa 1 hadi saa 5 usiku ongeza 18, saa 6 hadi saa 11 usiku toa 6.

Siku za wiki pia zina mtego unaotokana na lugha yetu. Majina yetu yanahesabu kuanzia Jumamosi, lakini cron inaanza na Jumapili ikiwa 0. Hivyo Jumatatu ni 1, ingawa jina lenyewe linasema tatu, na Jumamosi ni 6.

Jambo la tatu ni saa ya seva. Seva nyingi za kukodi hufuata saa ya kimataifa, UTC, ambayo iko nyuma ya saa yetu ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Ukitaka kazi ianze saa 8 usiku wa kuamkia Jumatano, kwenye seva hiyo utaandika 23:00, na huko bado ni Jumanne. Sasa tuseme programu yako imeandikwa ichote "mauzo ya jana". Wewe ulikusudia mauzo ya Jumanne. Seva, ikiwa bado iko Jumanne, inachota ya Jumatatu. Kila ripoti itakuwa nyuma kwa siku moja, na huenda zikapita wiki kabla mtu hajagundua. Dawa yake ni kuipa programu tarehe kamili inayotakiwa, iliyokokotolewa kwa saa ya Dar es Salaam, badala ya neno "jana".

Cron inajua saa tu. Haijui kwamba kazi ya kwanza imeshindwa, hivyo itaianzisha ya pili muda wake ukifika. Kwa kazi zinazotegemeana hutumika waratibu wakubwa zaidi, kwa mfano Airflow, iliyoanzishwa ndani ya kampuni ya Airbnb mwaka 2014. Humo unachora kazi kama visanduku vilivyounganishwa kwa mishale: pakia bidhaa, kisha pakia mauzo, kisha tengeneza ripoti. Mishale haruhusiwi kuzunguka na kurudi ilikotoka. Kazi A ikimsubiri B, na B akimsubiri A, hakuna atakayeanza.

Upakiaji kamili na upakiaji wa nyongeza

Katika upakiaji kamili, kila usiku ghala hufutwa na kujazwa upya kutoka mwanzo. Katika upakiaji wa nyongeza, huchotwa yale mapya tu. Tukokotoe kwa mfano wetu:

Kwa siku: 400 × 3 = mistari 1,200
Kwa mwaka: 1,200 × 300 = mistari 360,000
Kwa miaka mitatu: 360,000 × 3 = mistari 1,080,000

Baada ya miaka mitatu upakiaji kamili utanakili mistari 1,080,000 kila usiku ili kupata mipya 1,200. Ni mara 900 ya kazi inayohitajika, kwenye intaneti ya kulipia. Usikimbilie kusema kwamba upakiaji kamili ni mbaya, hata hivyo. Kwa jedwali la bidhaa lenye mistari mia chache ndio unaofaa, maana ni rahisi na hauachi kitu nyuma.

Ili ujue yapi ni mapya, unaweka alama ya kikomo: namba au wakati wa mstari wa mwisho uliopakiwa. Usiku unaofuata unachota yaliyo juu ya alama hiyo. Sasa fikiria kwamba umeweka alama moja kwa matawi yote, ukitumia tarehe ya mauzo. Jumatatu intaneti ya Mbeya inakatika. Kariakoo na Mwanza zinapakiwa kama kawaida, na alama inasogea hadi Jumatatu, halafu Jumanne. Jumatano Mbeya inarudi hewani na mauzo yake ya Jumatatu. Programu inatazama tarehe, inaona ziko chini ya alama, inaziacha. Mauzo hayo hayataingia ghalani kamwe, na hakuna kosa litakaloandikwa popote.

Suluhisho ni kulipa kila tawi alama yake. Alama ya Mbeya itakuwa imebaki mahali ilipokuwa kabla ya intaneti kukatika, hivyo Jumatatu itachotwa bila shida. Wengine huongeza tahadhari: kila usiku huchota tena na siku tatu za nyuma, ili kunasa risiti iliyochelewa au kurekebishwa. Hilo linawezekana kwa sharti moja, ambalo ndilo linafuata.

Urudiaji salama

Kazi ya upakiaji ina urudiaji salama ikiwa kuiendesha mara mbili kunaleta matokeo yaleyale ya kuiendesha mara moja. Kama kuna wazo moja la kubaki nalo kichwani katika mada hii, ni hili.

Kuna njia mbili za kulifikia. Ya kwanza ni kufuta mistari yote ya tarehe na tawi husika, kisha kupakia upya, vitendo vyote viwili vikiwa ndani ya muamala mmoja. Muamala ukikatizwa katikati, hifadhidata hurudi ilivyokuwa kabla haujaanza, hakuna nusu. Njia ya pili ni kutumia ufunguo wa kipekee, kwa mfano namba ya tawi, namba ya risiti na namba ya mstari zikiwekwa pamoja. Ufunguo ukiwa haupo ghalani, mstari unaingizwa. Ukiwa upo, unasasishwa na hauongezwi mwingine.

Angalizo: namba ya risiti peke yake haitoshi. Kariakoo na Mbeya zote zina risiti namba 1,045.

Ukaguzi na taarifa

Kazi kumalizika bila kukwama hakumaanishi kwamba data ni sahihi. Baada ya kila upakiaji programu inatakiwa ilinganishe mambo mawili. La kwanza ni idadi: mistari iliyochotwa lazima iwe sawa na iliyopakiwa kujumlisha iliyokwenda kwenye jedwali la kasoro. Ikichotwa 1,200, ikapakiwa 1,188 na kukataliwa 12, hesabu imefunga. Ikikataliwa 9, kuna mistari 3 iliyopotea njiani. La pili ni jumla ya fedha. Hapa wafanyabiashara wa Tanzania wana msaada mzuri: mashine ya EFD hutoa ripoti ya Z kila siku yenye jumla ya mauzo ya siku hiyo. Linganisha jumla hiyo na jumla ya ghalani kwa tawi lilelile. Zikitofautiana, tafuta sababu kabla ripoti haijamfikia mwenye biashara.

Kila kinachofanyika huandikwa kwenye faili la kumbukumbu: muda wa kuanza, muda wa kumaliza, idadi ya mistari na makosa. Hitilafu ya mtandao ijaribiwe tena, tuseme mara tatu kwa kupumzika dakika kumi; kosa la data lisijaribiwe tena, kwa sababu tarehe mbovu itakuwa mbovu hata mara ya tatu. Ikishindikana, ujumbe mfupi uende kwa msimamizi. Lakini fikiri zaidi kidogo: kazi ambayo haikuanza kabisa, labda kwa sababu seva ilizimika, itatuma ujumbe gani? Hautumi. Ndiyo maana mifumo mizuri hutuma ujumbe hata kazi inapofanikiwa, au huweka kompyuta nyingine iulize kila saa 12 asubuhi, "data za jana zimefika?"

Mwisho, nywila ya hifadhidata isiandikwe ndani ya programu ambayo kila fundi anaisoma. Na kama mauzo yanabeba majina na namba za simu za wateja, kumbuka kwamba Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Pakia yale tu ambayo uchambuzi unayahitaji. Ili kujua nondo ngapi ziliuzwa Mwanza, huhitaji namba ya simu ya mtu.

Swali la mfano

Biashara ina matawi manne, kila moja likiandika mistari 250 kwa siku. Usiku mmoja umeme ulikatika baada ya mistari 640 kupakiwa. Asubuhi fundi aliiendesha kazi upya tangu mwanzo bila kufuta chochote.
(a) Ghala lina mistari mingapi ya siku hiyo?
(b) Kila mstari ukiwa na wastani wa shilingi 15,000, ripoti imezidi kwa kiasi gani?
(c) Eleza jinsi ya kuzuia tatizo hili lisijirudie.

Jibu la (a): mistari halali ni 4 × 250 = 1,000. Ghala lina 640 + 1,000 = mistari 1,640.

Jibu la (b): mistari iliyozidi ni 640. 640 × 15,000 = shilingi 9,600,000. Wapo wanaozidisha 1,640 kwa 15,000. Hayo ni mauzo yote yanayoonekana kwenye ripoti, wala si ziada iliyoulizwa.

Jibu la (c): jibu dhaifu ni "wanunue jenereta" au "fundi awe makini". Jenereta itasaidia umeme, lakini mtandao ukikatika au diski ikijaa tatizo litarudi. Jibu lenye alama linasema: upakiaji wa siku moja ufanyike ndani ya muamala mmoja, ili ukikatizwa mistari 640 ifutike yenyewe, na kabla ya kupakia, mistari ya tarehe hiyo ifutwe, au itumike funguo ya tawi, risiti na mstari ili uliopo usasishwe badala ya kuongezwa mwingine. Kisha toa sababu: kwa njia hizi, kuiendesha kazi mara ya pili kunaacha mistari 1,000 ileile.

Maswali ya kujipima

1. Andika mstari wa cron utakaoanzisha kazi kila Jumamosi saa 9:30 usiku kwenye seva inayofuata saa ya Afrika Mashariki. Kisha uandike upya kwa seva inayofuata UTC, na ueleze kama siku ya wiki itabadilika.

2. Tofautisha eneo la mapokezi na jedwali la kasoro.

3. Tawi moja limechota mistari 415. Ghalani imeingia 398 na kwenye kasoro imo 14. Je, upakiaji ukubaliwe? Onesha hesabu yako.

4. Duka limefuta bidhaa kwenye hifadhidata yake kwa sababu haliiuzi tena. Je, bidhaa hiyo ifutwe pia ghalani? Jibu kwa kutumia moja ya sifa nne za Inmon.

5. Rafiki yako anadai kwamba upakiaji wa nyongeza unaochota tena siku tatu za nyuma utafanya mauzo yahesabiwe mara tatu au zaidi. Eleza ni katika hali gani dai lake ni kweli, na katika hali gani si kweli.